Chati ya Kijani

Dada yangu,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Najua daktari amekukataza kutazama kompyuta na simu, ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi ili shemeji akusomee. Shemeji, shikamoo na wewe. Tafadhali usiruke mstari hata ukiniona nakutia aibu. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana, na bado anauliza kama jicho walilitoa nje kisha wakalirudisha.

Uliponiachia ile programu yako ya kukokotoa dozi za watoto, uliniagiza jambo moja tu, kwamba wauguzi wakiuliza niwajibu. Nikaitikia harakaharaka, si unanijua. Sikukwambia kwamba naweza kubadilisha rangi na maandishi yake, lakini katika zile hesabu za uzito na dawa siambulii kitu.

Wiki ya tatu chati yetu ikageuka njano. Ule ukurasa wa takwimu unaujua: unahesabu marekebisho ya kila wiki, watu walioyafanya na maswali yaliyofungwa, kisha unaipa rangi yake kila programu huria, hizi za bure ambazo yeyote anaweza kuzirekebisha. Fundi wa kompyuta wa hospitali kuu akaniandikia kwamba wao huchagua programu kwa kuangalia rangi hiyo, na ya njano hawaigusi. Niliingiwa na hofu. Nilikuwaza umelala na bandeji jichoni huku kazi yako ya miaka tisa inanifia mikononi.

Basi nikaanza ujanja. Kila Ijumaa naongeza mstari mtupu, Jumatatu naufuta, hayo tayari marekebisho mawili. Nikafungua na akaunti mbili za ziada, tukawa wachapakazi watatu, wote mimi. Kijani kikarudi. Ulipopiga simu nikakusomea takwimu, ukacheka, ukasema sasa roho yako imetulia na unaweza kuugua kwa raha. Nilikuwa kwenye ngazi za ofisini, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Wiki ileile hospitali kuu wakaichukua programu, na zahanati kadhaa zikawafuata.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimezunguka vya kutosha. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga alituandikia mara tatu. Swali likikaa wazi wiki mbili linashusha rangi, kwa hiyo nililifunga bila kulisoma na kuandika kwamba limeshughulikiwa. Mara zote tatu, dada. Juzi akaja mwenyewe ofisini na daftari lake. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinionyesha kwamba mtoto wa kilo moja na nusu, programu inampandisha hadi kilo mbili kamili na dozi inazidi. Wodini kwake hakuna aliyedhurika, kwa sababu yeye hurudia kila hesabu kwa mkono.

Nilipofuatilia nikakuta kosa si lako. Ijumaa moja nilichoka kuongeza mistari mitupu, nikafuta mmoja wa kwako nilioudhani hauna kazi. Ndio uliokuwa unalinda zile nusu na robo kilo. Nimekudanganya, dada, na nimeharibu kitu ulichoniamini nacho. Sina pa kujificha, na kwa simu ningekata kabla ya kukiri.

Mstari nimeurudisha, akaunti za uongo nimezifuta, na tangazo la hatari nimeliweka mwanzoni kabisa. Chati sasa ni nyekundu. Lakini walioichukua wakati ule bado wanatumia nakala yenye kosa. Hospitali kuu nimewafikia, na zahanati kumi na moja nimezipigia simu moja moja. Muuguzi akaniuliza wengine ni akina nani, nikamwambia sijui, kwa sababu takwimu zangu zote zilihesabu wanaoirekebisha programu, hazikuhesabu wanaoitumia. Wewe ndiye waliyekuwa wanakupigia simu kukushukuru, na najua una majina yao kichwani.

Nakuomba umtajie shemeji majina yote unayoyakumbuka, anipigie leo hii, kabla hajakunja barua. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Kukasirika utakasirika, na ni haki yako, ila majina kwanza.

Mdogo wako,
Kiherehere