Injini Inayokula Bila Kubeba

Isiolo, 1979

Mama Wakesho,

Mimi mzima, ila vumbi na kikohozi. Injini iliyotolewa kwenye treni kuukuu sasa inazalisha umeme wa pampu ya kisima. Dizeli ikiisha kabla lori la mafuta halijarudi, ng'ombe watakufa kwa kiu.

Betri ni mbovu, kwa hivyo hatuizimi injini, isije ikakataa kuwaka tena. Lakini kila adhuhuri, nikikata umeme wa pampu ili ipumzike, injini inanguruma kama inavuta mabehewa mlimani, na dizeli inashuka. Diba, mwenye ng'ombe, alinicheka: "Fundi, punda yako inakula na haibebi kitu."

Jana nilikumbuka desturi ya reli, kwamba dereva akioneshwa bendera nyekundu husimama. Nikainua shuka nyekundu ya Diba mbele ya injini. Ikatulia papo hapo.

Diba hakucheka. Aliuliza polepole, "Haina dereva. Nani ameiona shuka?"

Usinitazamie Pasaka. Nikiondoka, nani atainua shuka?

Leo nilipoishusha, injini ilipiga honi. Lakini honi yake iling'olewa; ndiyo ile niliyopewa nikaja nayo nyumbani likizo. Chungulia chini ya kitanda, uniambie kama bado iko.

Mumeo,
Mwakio