Pia Isiyozunguka

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana siri hii imenielemea hata nikimwona Mwalimu wangu nageuza njia. Kazi yetu ni kupima mzunguko wa galaksi: darubini iliyoko angani inatuletea mwanga, tunauchambua rangi zake, upande unaotujia unaegemea bluu, unaotukimbia unaegemea nyekundu, na hapo unajua umati mzima wa nyota unazunguka, nawe umeketi tu na chai yako. Kuna moja, mwanga wake uliondoka kabla dunia haijakuwepo, Mwalimu akaipa jina la Pia, kama ile pia ya watoto inayozungushwa kwa kamba, na nakiri naipenda, nikifumba macho ofisini nahisi kiti kinazunguka nayo taratibu. Ijumaa Mwalimu anastaafu baada ya miaka arobaini na ataaga kwa kuwaonyesha watu Pia, hata wajukuu zake watakuja. Sasa juzi nikarudia vipimo, kumbe Pia haizunguki! Ni galaksi mbili zinagongana. Rangi hazibadiliki polepole toka ukingo hadi ukingo, zinaruka ghafla katikati, na mruko huo niliufuta mimi nilipolainisha vipimo, kila kimoja nikakichanganya na jirani zake ili picha ipendeze. Mwalimu aliniambia, "Mwanangu, wewe ukisema inazunguka, mimi sihakiki." Je, nimharibie siku yake, au ninyamaze astaafu kwa amani?

Mimi, Mlainishaji

Mlainishaji, pole sana. Sasa kaa vizuri nikuseme. Unaogopa asikuite tena mwanangu, halafu unasingizia amani ya mzee wa watu! Mficha uchi hazai. Wengine watapima tena, na siku hiyo atajibu peke yake, bila ofisi, kosa asilolijua.

Mimi galaksi sizijui, lakini barua yako imenitoa nje nikatazama juu nikiziwaza hizo mbili, zinavyoingiliana kimyakimya huko mbali, mpaka chai yangu ikapoa. Nani kakwambia ni hasara Pia kuwa mbili?

Kesho asubuhi chukua vipimo vyako vya awali, visivyolainishwa. Usiende na samahani ndefu. Viweke mezani, mwonyeshe ule mruko, sema, "Mwalimu, huu niliufuta mimi." Kisha mwache aangalie. Akifoka, vumilia, umeyataka mwenyewe. Akikuomba kalamu apige hesabu upya, mpe.

Mzee bado ana siku tatu za kazi. Usimnyang'anye.