Sahani ya Tatu

Mke mwenzangu Neema,

Hujambo huko Mwanza? Sisi wazima. Joto limefika Toronto, na mume wetu, babu yako, anataka kula bustanini kila mchana.

Unauliza kama tumepata rafiki katika makazi haya ya wastaafu. Tumempata kwa kosa la babu yako. Tulipohamia, jirani yetu Bi Dorothy alipita tukila. Babu akamkaribisha, kama tunavyomkaribisha kila apitaye kwetu, akingoja kuambiwa, "Asante, nimeshiba." Bi Dorothy akaketi, akamaliza samaki wa babu.

Babu akanikodolea macho. Mimi nilicheka, maana nilipokuwa na miaka saba, pale Korogwe, Mama Salehe wa jirani alinikaribisha hivyo hivyo, nami nikaketi. Mama yangu akaja kunivuta sikio. Mama Salehe akamwambia, "Mwache. Si nimemkaribisha?" Kesho yake nilikuta amenitengea sahani yangu.

Sasa babu yako anatenga sahani tatu. Jana Bi Dorothy alichelewa, samaki wakapoa, na mume wetu hakugusa hata tonge mpaka alipomwona anakuja na mkongojo wake.

Mke mwenzako,
Bibi Mariamu