Mkwamba Wangu na Matunda Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na tisa kabla ya maonyesho ya chama chetu cha bonsai, yaani miti inayodumazwa ndani ya chungu. Mimi ndiye katibu. Nimekagua shule miaka thelathini na moja. Sipendi jambo la nusunusu.

Leo nimekamilisha utambuzi. Kichaka nilichoking'oa kando ya reli miaka minne iliyopita ni mkwamba. Majani madogo, yanapishana kwenye tawi. Hakina miiba. Nimevunja kijiti: hakikutoa utomvu mweupe, basi si mtandamboo. Tunda la mkwamba ni jeupe, dogo kama punje ya pilipili manga. Ndilo hasa linalofaa! Jani hukubali kupungua ukiibana mizizi, tunda halikubali. Anayetaka kufuga mchungwa ndani ya bakuli ataishia kufuga chungwa lenye kijiti.

Kasoro ni moja. Haujazaa. Miaka minne — hata tunda moja!

Alhamisi, 6 Machi

Jirani yetu, mkunga mstaafu, ameegemea ukuta tena. Mtandamboo wake umejaa matunda mekundu mpaka ni utovu wa adabu. Akaukodolea macho mkwamba wangu. Je, unatoa maua? Unatoa, nikajibu. Akachuma ua moja bila ruhusa, akalipasua kwa ukucha.

"Mkaguzi, huyu dume. Nimezalisha watu maisha yangu yote. Namjua anayezaa na namjua anayesindikiza."

Nikamwambia bustani yangu si wodi ya wazazi. Akacheka mpaka akakohoa.

Nimefungua kitabu, ukurasa wa 208. Mkwamba: dume mbali, jike mbali. Ua la kike huwa na kijitunda kichanga katikati. Nimekagua maua ishirini kwa lenzi. Hakuna.

Nimefunga kitabu.

Ijumaa, 7 Machi

Kanuni ya sita ya maonyesho: mti usio na tunda utawekwa meza ya wanaojifunza. Kanuni ya saba: mwamuzi ataonja tunda moja la kila mti. Hiyo ililetwa baada ya mtu fulani kufunga njegere mtini kwa uzi na kuziita matunda. Nani aliyeziandika kanuni hizi? Mimi. Kwa wino mwekundu.

Mwaka jana meza ya wanaojifunza ilikuwa na mrehani ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Huko ndiko aende katibu?

Mke wangu anasema mti ni mti, niupeleke huko, kwani kuna nini. Sikumaliza chakula. Alinitazama sana.

Jumatano, 12 Machi

UMEZAA!

Kumi na moja! Meupe, yanang'aa! Nimepiga kelele mswaki ukiwa mdomoni. Nikamwita Mkunga ukutani aje ajionee huyo dume wake. Akautazama mti. Akamtazama mke wangu. Akautazama mti tena. "Makubwa haya," akasema, akaingia ndani mbio. Nikamsikia jikoni kwake akilia kwa aibu — kilio cha ajabu, kama kuku anayetaga.

Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Anasema ni vumbi.

Pambizoni mwa ukurasa wa 208 nimeandika kwa penseli: "Si lazima."

Jumapili, 16 Machi

Ndege hawayagusi. Jana mvua kubwa, upepo. Halijaanguka hata moja. Nimetoa lenzi.

Kila tunda lina tundu. Tundu la uzi. Na kila moja limegandishwa kwa gundi ya viatu.

Nimekaa juu ya ndoo muda mrefu. Shanga hizi nazijua. Nilizinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na mke wangu amezivaa katika kila harusi tuliyoalikwa. Nimepita jikoni kana kwamba natafuta kiberiti. Shingo tupu!

Wakati wa chai ameniuliza: "Umefurahi, mzee wangu?"

Nikasema: "Sana."

Akaosha vyombo akiimba. Hakuwa ameimba tangu kitindamimba wetu ahame nyumbani.

Sasa nimwambie nini? Na Kanuni ya saba je?

Ijumaa, 21 Machi

Nimeamua. Kesho nitawahi kufika, niuweke mwenyewe meza ya wanaojifunza. Huko hakuonjwi kitu. Sitasema neno. Shanga zitabaki salama, nami nitazitunga upya.

Jumamosi, 22 Machi. Ukumbini, naandika gotini

Nimefanya kama nilivyoamua. Mkwamba wangu umekaa jirani na mrehani — uleule, kikombe kilekile. Nikajihisi mwepesi.

Kisha mke wangu akaingia. "Nani kakuonea hivi!" Kabla sijainuka ameukumbatia mti, ameupeleka meza ya matunda, na mtandamboo wa Mkunga ameusukuma kando kwa kiwiko. Mkunga ameuma leso.

Mwamuzi ameanza. Ni ofisa misitu. Sote tunamwita Bwana Miti. Huonja taratibu, macho amefumba. La Mkunga ameliita tamu. Mke wangu ameketi safu ya mbele, kajinyoosha kama bibi harusi.

Yuko kwangu. Anasoma kibandiko: "Mkwamba. Katibu." Ananiinamishia kichwa kwa heshima. Anashika tunda. Anavuta. Haling'oki! Anavuta tena, chungu kinamfuata. "Limeshika kweli," anasema. Watu wanapiga makofi. Limetoka.

Amelitia mdomoni.

Kumetoka mlio, kama kokoto chini ya kiatu. Bwana Miti amefumbua macho. Ananitazama. Mimi nautazama ubao wa kanuni. Mke wangu amejishika shingo — sasa tu ameikumbuka Kanuni ya saba, maskini.

Amemeza!

"Gumu kidogo," anasema Bwana Miti, sauti imemkauka. "Pengine hili halijaiva. Kwa kuwa ni la katibu, nitaonja la pili."

Anaunyosha mkono. Zilikuwa kumi na moja, zimebaki kumi. Mke wangu anazihesabu kwa midomo, naiona kutoka hapa.

La! Nimesimama, kalamu mkononi. Ukumbi mzima umegeuka.

"Bwana Miti," nasema, "usiguse. Hizo ni shanga za mke wangu."