Siku Mabula Alipokufa Bandani

Kaka Doto,

Msimu wa tatu wa katuni umetoka, na Mabula hakurudi.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama Bibi anakula. Hakurudi. Episodi ya kwanza niliiangalia peke yangu kwenye simu ya Kulwa, nimejifunika blanketi mchana kweupe, nasubiri ile pembe yake ichomoze kwenye kifusi. Haikuchomoza. Wamechora theluji. Wamechora theluji nzuri mno juu ya mawe yaliyomfunika, majoka yanapita angani, na hakuna anayetazama chini.

Wewe ulijua. Mimi na wewe tulijua tangu mwisho wa msimu wa pili, pale kwenye banda lako la video machimboni, nyuma ya ile khanga uliyonitundikia ili watu wasinione. Mimi nakunong'oneza maana ya Kiingereza, wewe unashika maiki na kuigeuza kuwa watu. Mimi masikio, wewe mdomo. Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa kama kutafuna kokoto, ukalitupa, ukamwita Mabula: jitu la pembe moja linalosimama chini ya mlima na kushikilia mwamba kwa mabega ili watu wake wasifukiwe. Wachimbaji wakampenda kuliko mfalme, kuliko majoka yenyewe. Kazi yake wanaijua.

Siku mwamba ulipomshinda, yule binti mdogo wa kwenye katuni alisema amekufa, nami nikakunong'oneza: amekufa. Ukafunika maiki kwa kiganja. Ukaniangalia.

"Shija, hawa kesho asubuhi wanashuka shimoni. Niwaambie nini?"

Halafu ukaondoa kiganja, ukawaambia Mabula amelala tu, amejichimbia ndani apumzike, msimu ujao anatoka. Banda zima likapiga makofi. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Nilijua. Yule hafi kizembe."

Na wewe msimu ujao hukuuona.

Walikukata kwa panga njia ya Bugarama, saa za watu kwenda sokoni, kwa ajili ya begi. Projekta, laptop, maiki. Walioona wanasema uliushika mkanda wa begi kwa mikono miwili na hukuuachia hata pigo la pili lilipokuja. Kwa nini hukuuachia, Doto? Projekta zinauzwa Kahama. Mikono haiuzwi. Nina hasira na wewe na sijapata pa kuisemea mpaka leo.

Sikulia. Usije ukadhani ni kwa kukosa machozi. Kabla mwili wako haujafika nyumbani Bibi alituingiza ndani, akafunga mlango, akasema pacha haliliwi. Akasema mkimlilia Doto, Kulwa anamfuata, na atakayedondosha chozi ajue amemuua mjukuu wangu wa pili. Kwa hiyo ulizikwa kwa nyimbo. Zile nyimbo za mabasa, za mapacha, za matusi, wanawake wanakatika viuno kandokando ya kaburi, na wachimbaji wako waliokuja na machepe yao kukuchimbia wamesimama hawajui pa kuweka nyuso. Mimi niliyezaliwa nyuma yenu mapacha, niliyeitwa Shija kwa sababu yenu, niliuma khanga mpaka fizi zikatoka damu. Kulwa alikuwa na macho makavu kama vumbi la karasha linalosaga mawe. Yeye ndiye aliyeongoza wimbo.

Toka hapo Kulwa akawa ngumi. Sina namna nyingine ya kukueleza. Waliokukata hawakupatikana, basi yeye akawa anawatafuta kwenye kila uso. Mwaloni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, alimvunja mtu pua kwa sababu ya begi jeusi kama lako. Begi lilikuwa na mahindi ya kuchemsha. Nilipokuja likizo nilimkuta vidole vimevimba, hawezi kushika kijiko, analishwa na Bibi, na Bibi anasema mwacheni apige, maadam anapumua.

Banda alilichukua kijana wa Kahama, anajiita DJ Chepe. Mwembamba, anaongea haraka, anacheka kabla ya utani wake kuisha. Kiingereza chake ni cha kubahatisha ila si kibaya. Alipotangaza kwamba Jumamosi mchana ataonyesha msimu mpya, lile grupu lako la Wana Mabula liliwaka moto. Watu waliokuwa kimya tangu msiba wakafufuka wote. Mama muuza samaki wa Kalangalala akatuma sauti, akasema Mabula akifa siku hiyo hakaangi kitu, mkale mavumbi. Mwalimu mmoja wa Mhunze akaandika maelezo marefu, kwamba jitu la pembe moja halifi mpaka pembe ivunjwe, na sisi pembe hatukuonyeshwa ikivunjika, kwa hiyo kisheria yu hai. Wakamwita profesa. Halafu mwingine akaandika kwamba DJ atakayemuua Mabula tutamtia petroli, akaweka vikatuni vya kucheka. Wengine wakaongeza vya moto.

Nilisoma na wanayosema mashabiki wa huko nje, kwa Kiingereza, maana ndiyo faida ya ada mliyonilipia wewe na Kulwa. Wanagombana juu ya rangi ya mabawa ya majoka. Eti msimu wa pili yalikuwa ya shaba, sasa yamekuwa ya kijivu, wachoraji wamewadharau. Mmoja ameapa haangalii tena, na kesho yake kaandika mengine. Hakuna aliyeuliza habari za Mabula. Kwao alikufa zamani, wakaendelea. Nilijiona nimesimama katikati ya lugha mbili, upande mmoja mtu amekufa, upande mwingine anasubiriwa kwa chai.

Jumamosi nilikaa mbele, pembeni, karibu na spika. Banda lilijaa mpaka watu wakapanda juu ya magunia ya mawe. Wengi walikuwa wametoka shimoni moja kwa moja, nyusi nyeupe kwa vumbi. Kulwa alisimama mlangoni hakutaka kukaa.

Chepe alianza vizuri. Aliiga sauti yako ya mfalme, watu wakacheka. Walipofika kwenye theluji, banda likatulia. Yule binti mdogo alipanda juu ya kifusi na bakuli la chakula, akaliweka, akakaa. Watu wakaanza kuita, "Mabula, toka. Toka bwana, chakula hicho." Chepe akasoma maandishi ya chini, akasema hakuna kutoka, huyu alishakufa. Wakazomea. Angeishia hapo, Doto. Angenyamaza tu. Akacheka kwanza, halafu akasema kwenye maiki:

"Msinizomee mimi. Huyo DJ wenu wa zamani aliwapiga kamba. Na yeye kaenda kumfuata Mabula."

Sijui nani alirusha benchi la kwanza. Lilipita juu ya kichwa changu na kugonga nguzo. Jiwe likafuata, likachana shuka la picha, mlima ukawa na tundu. Wale waliosema Mabula kafa kweli na wale waliosema yu hai wakashikana mashati, watu wazima, baba za watu, mmoja anapiga kichwa cha mwenzake kwenye spika huku anauliza, "Kafa? Sema tena, kafa?" Meno niliyaona yakianguka. Kulwa hakupiga kelele. Alikuja katikati ya watu kama anavuka mto, akamtoa Chepe nyuma ya meza kwa shingo, akampiga ngumi ya uso.

Nakuambia wewe peke yako: ngumi ile ilinipendeza. Nilisikia utamu tumboni. Ya pili pia. Nilitaka yule kijana auonje mdomo wake uliokucheka. Kwa hiyo wakisema mimi ni mpole, wewe usikubali.

Ngumi zikawa nyingi. Chepe akaanguka chali, Kulwa akamkalia kifuani, na mkono wa mtu ukampa mtaimbo. Ndiyo, kuna aliyempa, kama unavyompa fundi kifaa. Kisha harufu ya petroli ikanifika kabla sijaona chochote. Walikuwa wamechukua dumu la jenereta. Walimmwagia Chepe miguuni na sehemu ikamrukia Kulwa suruali yote, hakujali, wala wao hawakujali, na mmoja ananguruma kuomba kiberiti. Chepe alikuwa anasema "mama" tu. Damu yake ilikuwa imerukia shuka, imekaa juu ya theluji.

Nikaelewa kwamba nitawaona wawili wanaungua, na mmoja wao ana uso wako.

Maiki ilikuwa imeanguka karibu na goti langu, bado inavuma. Unanijua. Shuleni nikiitwa kwenye mdahalo mikono inalowa, sauti inakuwa ya panya. Niliiokota. Picha ilikuwa bado inakwenda juu ya shuka lililochanika, na yule binti alikuwa anaongea, basi nikafanya kazi niliyoizoea, ila safari hii hapakuwa na mdomo mwingine mbele yangu. Nikasema anachosema.

"Amekufa. Kila siku nilimletea chakula hapa, na kila siku chakula kilikuwa vilevile. Msiniambie amelala. Amekufa, na mimi nina njaa."

Spika zako bado zina nguvu. Wakageuka, siyo wote. Mtaimbo ulikuwa juu. Katuni ilikuwa imemaliza kusema, muziki umeingia, na mimi maneno yakawa yanaendelea kutoka, hayakuwa ya binti tena. Nilisema Doto amekufa. Nikasema kaka yangu amekufa, alikatwa mchana, hakuachia begi, tulimzika tukicheza, na Kulwa anachomwa moto sasa hivi na watu waliomchimbia Doto kaburi. Hapo sauti ikapasuka. Nililia kwenye maiki, Doto. Nililia kwa spika zote mbili mpaka kule mwaloni wakasikia. Nililia kama punda, sikujua kama nina sauti ile.

Kulwa alimwacha Chepe. Alikuja kwangu anayumba, mtaimbo bado mkononi, ananuka petroli, na uso wake nilikuwa sijawahi kuuona umeogopa hivyo.

"Shija, nyamaza. Utaniua."

Alikuwa anaomba. Alikuwa ananiomba mimi uhai wake, na najua aliamini, kwa sababu na mimi niliamini. Nilijaribu kufunga mdomo, haukufungika. Nikamtazama machoni nikalia. Basi akakaa chini. Mtaimbo ukalia kwenye sakafu. Akatoa sauti moja ndefu kutoka mbali sana, halafu akaziba uso kwa vile vidole vilivyovimba, mabega yakaanza kwenda. Mchimbaji mmoja mzee akachuchumaa pembeni yake akasema polepole, "Doto alikuwa mtu wetu," naye akaanza. Sikuhesabu walioanza. Banda zima lililia likiwa na damu puani. Mwenye dumu alilifunga kizibo akalirudisha pale kwenye jenereta, akakaa juu yake.

Kulwa ndiye aliyembeba Chepe mpaka zahanati kwa pikipiki, amemfunga kiunoni kwa mkanda asianguke. Taya limevunjika. Kulwa amekwenda kila siku kumpelekea uji wa kunywa kwa mrija, na anamshikia kikombe mpaka uishe. Shtaka litakuwepo au halitakuwepo, wazee wanazungumza na ndugu zake wa Kahama, mimi siambiwi. Kwenye grupu mwalimu wa Mhunze ametuma pole kwa msiba wa Mabula, kisha chini yake, bila utani, pole kwa msiba wa Doto. Wote wamejibu kwa pole. Mama wa samaki hakukaanga.

Na Bibi. Bibi alisikia kabla hatujafika nyumbani. Hakunipiga. Alisema, "Ng'wana wane, mwanangu, umefanya nini?" kisha akamchukua Kulwa, akamwosha kwa dawa, na tangu siku hiyo anamlaza chumbani kwake, mkono wake juu ya kifua cha mtu mzima. Salamu yangu anaiitikia, marahaba, ila hanitazami. Simlaumu. Alizika mmoja bila chozi ili mwingine abaki, na mimi nikaja na maiki.

Kulwa analala sasa. Analala sana. Anakula kwa mkono wake. Jana alicheka kitu kwenye redio. Lakini kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nasikiliza ukutani nimsikie anakohoa, na mpaka akohoe mimi si mtu. Nimesoma sayansi kwa Kiingereza, najua chozi ni maji na chumvi. Haisaidii. Ninaamini vyote viwili, hilo na la Bibi.

Ndiyo maana nakuandikia, siyo kwa sababu ya katuni. Nimekulilia na sijutii, na nitakulilia tena leo, na siku nikirudi shule nitalia huko kwenye bafu za bweni. Kilio hicho ni changu, kichukue chote. Ila Kulwa usimwite. Ukimkumbuka huko, ukitamani mtu wa uso wako, nyamaza kidogo, uniite mimi kwenye ndoto nije tuongee, mimi nitakuja na kurudi. Kwa upande wangu nakuahidi nitamshika. Akipandisha hasira nitamwambia kwa sauti, siyo ya kunong'ona, kwamba Doto amekufa, mpaka azoee kuishi nalo. Bibi akichoka kuweka mkono, nitaweka wangu.

Nenda salama, kaka. Muda huu amekohoa.

Mdogo wako,
Shija