Chuma Kikilia

Ulemo, Iramba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi wazima, babu yako yuko shambani anavuna alizeti, anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe salfa isiyopitisha umeme, ukiibana mno kati ya almasi mbili na kuipoza sana, inaupitisha bila kupoteza hata chembe! Lakini almasi nyingine za maabara yenu zimepasuka, umebakiwa na jozi moja, na unaniuliza utajuaje pa kuacha kukaza.

Almasi sizijui. Naijua mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Mama alituzoeza: kaza, subiri mafuta yaache kudondoka, ndipo ukaze tena. Siku moja lori la mnunuzi lilikuwa linapiga honi barabarani, nami sikusubiri. Dada yangu Esta alikuwa ameinama anakinga ndoo. Chuma kikalia. Nilikisikia, nikakaza. Nondo ya kukazia ikafyatuka.

Unamjua bibi Esta, anavyoziba mdomo akicheka. Meno yale niliyavunja mimi, na hajawahi kumwambia mtu.

Wewe kaza, mjukuu wangu. Ila chuma kikilia, usijifanye hukusikia.

Bibi yako, Maria