Daftari la Chakula cha Daisy

Mama,

Mgeni njoo, mwenyeji aumbuke. Asubuhi nimekuumbua, najua. Lakini yule mtafiti anachunguza chakula na tumbo la watoto wenye usonji, nawe umemwandikia daftari zima kwamba Daisy wetu hula samaki na mchicha! Samaki wa wapi, Sagalla hii isiyo na maji? Mtoto hula ukoko wa ugali na chai ya rangi, basi. Uliogopa tutaonekana tunamnyima. Lakini ni uongo, ndiyo maana nilizikata kwa mistari kurasa zako mbele ya mgeni.

Maharagwe yako jikoni, ongeza maji. Mgeni atarudi saa tisa. Andika alichokula Daisy kweli.

~~Nisamehe, Mama.~~ Hapana. Daisy hawezi kusema tumbo linamuumaje. Daftari ndilo mdomo wake. Siombi msamaha.

Dadake Daisy